Matanga Yasiyoanuliwa: Karbala na Jinsi Mahali Panavyotukuzwa

Katika Kiswahili mna maneno mawili ambayo mgeni wa lugha huyachanganya kwa urahisi, nayo ni kuhiji na kuzuru. Mwenye kuhiji huenda Makka kutimiza faradhi ambayo siku zake, mipaka yake na matendo yake yamekwisha kupangwa. Na hata akiwa hamjui mtu mmoja katika mji ule, hija yake haipungui kitu. Mwenye kuzuru huenda kwa mtu. Huzuriwa mgonjwa, huzuriwa mzee, huzuriwa mwanachuoni, na huzuriwa maiti kaburini. Siku hizi magazeti yamelichukua neno ziara yakalifanya la safari za wakubwa wa serikali, wala hayakukosea sana, maana hata hapo mtu humwendea mtu. Walakini wengi wanaoandika juu ya mahali patukufu huzitia safari hizi mbili katika kapu moja, kisha wakataka sababu moja ielezee zote. Kosa hilo huanzia katika neno, nalo huishia katika fikira.

Neno jingine linalohitaji kupimwa ni utakatifu wenyewe. Kutakasa ni kuondoa: huondolewa uchafu, kitu kikabaki safi. Kutukuza ni kuongeza: kitu hupandishwa daraja ambayo hakikuwa nayo machoni pa watu. Mahali panaposemwa kuwa patakatifu, msikiaji hufikiri kwamba pametengwa na kila lenye kutia unajisi. Lakini mahali palipo patukufu kwa sababu ya msiba huwa aghalabu mahali palipomwagika damu, na damu katika sheria ya Kiislamu ni najisi. Hapo si pahali palipotakaswa kwa kuondolewa kitu. Ni pahali palipotukuzwa kwa kuongezewa, na kinachoongezwa ni maombolezo. Mfano ulio wazi kupita yote ni Karbala.

Karbala ni mji wa Iraki, kiasi cha kilomita 100 kusini-magharibi ya Baghdad. Mwaka 680 hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda, vijiji vichache, na mto Furati ulio karibu. Tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijra, yaani tarehe 10 Oktoba 680, Huseni bin Ali, mjukuu wa Mtume, aliuawa hapo pamoja na jamaa na masahibu wake, ambao mapokeo huwahesabu kuwa 72, baada ya kuzuiliwa maji. Aliyewatuma wauaji alikuwa Ubaydullah bin Ziyad, liwali wa Kufa, kwa niaba ya Yazid bin Muawiya. Vichwa vilikatwa vikapelekwa Kufa na kisha Dimishki, pamoja na mateka, miongoni mwao Zaynab, dada yake Huseni. Miili ilizikwa na watu wa Banu Asad waliokaa kijiji cha karibu.

Hayo ni masimulizi ya tukio, wala tukio peke yake halitoshi kupafanya mahali kuwa patukufu. Huko Siffin, mwaka 657, katika vita vya Ali na Muawiya, walikufa watu wengi kupita wale wa Karbala, na miongoni mwao walikuwamo masahaba wa Mtume. Wala uwanja wa Siffin haukuwa Karbala ya pili. Lau damu ndiyo inayotukuza ardhi, basi ardhi yote ya Iraki ingalikuwa kaburi moja la kuzuriwa. Hapana budi kutafuta kilichofanyika Karbala baada ya mauti, ambacho hakikufanyika Siffin.

Kilichofanyika ni kwamba watu walirudi. Mapokeo husema kwamba Jabir bin Abdallah al-Ansari, sahaba wa Mtume, alilizuru kaburi siku ya arobaini, tarehe 20 Safar. Historia inayofuata ni bayana zaidi. Huko Kufa walikuwako watu waliomwandikia Huseni barua wakimwita aje, kisha walipomwona yu peke yake hawakutoka kumnusuru. Watu hao, wakiongozwa na Sulayman bin Surad, walijiita wenye kutubu. Na mwaka 684, kabla ya kwenda kupigana na jeshi la Sham, walipita kwanza Karbala, wakakaa kaburini usiku na mchana wakilia na kuomba msamaha. Kisha wakaenda, na wengi wao wakauawa huko Ayn al-Warda mwanzoni mwa mwaka 685. Wakati huo hapakuwa na kuba wala mnara wala mlinzi. Palikuwa na kaburi na watu walio na deni kwa maiti. Watu hao walikwenda kumtaka radhi mtu waliyemkosea, kama mtu aendavyo nyumbani kwa aliyemdhulumu. Na kwa kufanya hivyo wakalifanya kaburi kuwa nyumba, na maiti kuwa mwenyeji.

Yapasa kutazama sasa desturi za msiba zilizoko katika pwani ya Afrika ya Mashariki, maana zinafundisha jambo hapa. Mtu akifa, jamaa na majirani hukaa matanga, watu huja kuhani, chakula hupikwa, hitima husomwa, kisha matanga huanuliwa, na siku ya arobaini huwa kama mlango wa mwisho wa msiba. Hekima ya desturi hii ni kwamba walio hai warudi katika kazi zao. Asiyetaka kuanua matanga huonywa, maana huzuni isiyo na mpaka huharibu nyumba. Karbala desturi ni ile ile, lakini imepinduliwa. Siku ya arobaini, ambayo kwa maiti wengine hufunga msiba, kwa Huseni huufungua upya kila mwaka. Matanga yake hayakuanuliwa tangu mwaka 680. Kila ajaye huja kuhani kana kwamba habari imemfikia jana. Husimama mbele ya kaburi akimpa pole Mtume kwa mjukuu wake na Fatima kwa mwanawe. Hapo ndipo ilipo siri ya mahali pale: pana matanga ya daima, na penye matanga ndipo watu waendapo.

Jambo hili huonekana vema zaidi katika maandiko yanayosomwa kaburini, ambayo nayo huitwa ziara. Maandiko hayo ni fasihi yenye kanuni zake, nayo yastahili kuhakikiwa kama fasihi. Katika karne ya 10, Ibn Qulawayh alikusanya kitabu chenye babu zaidi ya 100 juu ya ziara peke yake, kiitwacho Kamil al-Ziyarat, na sehemu kubwa ya mapokeo yake ni ya Imamu Jafar al-Sadiq, aliyefariki mwaka 765. Umbo la ziara ni salamu. Msomaji hasimulii habari za Huseni, humsemesha Huseni. Katika ziara ijulikanayo kwa jina la Warith, maiti husalimiwa kuwa ni mrithi wa Adamu, kisha wa Nuhu, wa Ibrahimu, wa Musa, wa Isa, mpaka kufikia Muhammad. Kila salamu huongeza jamaa, na mwishowe kaburi moja la nyikani huwa mahali pa mkutano wa mitume wote. Katika ziara ya Ashura, salamu hurudiwa mara 100, na laana kwa waliodhulumu hurudiwa mara 100. Mhakiki asiyejali huweza kusema kwamba kurudia huko ni ufukara wa maneno. La, hasha. Kurudia ndiyo kazi yenyewe ya andiko: salamu moja ni adabu, salamu 100 ni makazi. Mwenye kusema maneno hayo hukaa pale kwa muda wa kutosha hata mahali pakamzoea naye akapazoea.

Sarufi ya Kiswahili ina njia nyepesi ya kueleza safari hiyo. Aliye mbali husema kule Karbala, na kule ni upande usio na mpaka. Afikapo husema pale kaburini, na pale ni mahali palipoelekezwa kwa kidole. Aingiapo chini ya kuba husema mle, naye yumo ndani. Ku, pa na mu ni daraja tatu za kukaribia, na ziara ni kupanda daraja hizo moja moja. Ndiyo maana njia yenyewe huhesabiwa kuwa ni sehemu ya ibada. Kati ya Najaf na Karbala ni kiasi cha kilomita 80, na wengi huzitembea kwa miguu ingawa magari yapo. Kando ya njia watu hupiga mahema, hupika na kugawa chakula na maji bila malipo, hukanda miguu ya wasafiri na kuwapa mahali pa kulala. Wenye mahema hao hufanya kama wafanyavyo majirani wa nyumba ya msiba: jamaa wa maiti hawapiki, hupikiwa. Nchi nzima, kwa siku chache, huwa jirani wa kaburi moja.

Ikiwa hoja hii ni ya kweli, basi yapasa kuwa mahali pa namna hii hapawezi kuondolewa utukufu kwa kubomolewa majengo. Historia imelijaribu jambo hilo. Mwaka 236 wa Hijra, yaani mwaka 850 au 851, Khalifa al-Mutawakkil aliamuru kaburi libomolewe pamoja na nyumba zilizolizunguka, ardhi ilimwe, ipandwe na itiliwe maji, na ikatangazwa kwamba atakayeonekana pale baada ya siku tatu atafungwa. Amri hiyo, ambayo al-Tabari ameiandika, ni ushahidi mkubwa. Khalifa hakuogopa mawe. Lau aliogopa mawe angaliridhika na kubomoa. Alikataza nyayo, maana alijua kwamba nyayo ndizo zinazojenga. Mwanawe, al-Muntasir, aliyetawala mwaka 861 hata 862, aliwaruhusu watu tena, nao wakapajua mahali pale pale. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye jambo lilirudi: mwezi wa Februari 1977 serikali ya Iraki iliwazuia kwa nguvu waliokuwa wakitembea kutoka Najaf kwenda Karbala, na baadhi yao wakauawa. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Saddam Hussein mwaka 2003, watu walirudi njiani mwaka huo huo. Na hesabu zinazotolewa na wasimamizi wa makaburi zimepita watu milioni 20 katika baadhi ya miaka ya karibuni. Hata mabomu ya siku ya Ashura, mwezi Machi 2004, yaliyoua watu wengi Karbala na Baghdad, hayakuwarudisha nyuma.

Mtihani mwingine ni mgumu zaidi, nao unahusu mwili wenyewe. Kichwa cha Huseni kilitengwa na kiwiliwili, na wanaosimulia hawapatani juu ya kilipozikwa. Dimishki pana mahali pake; Karbala husemwa kuwa kilirudishwa; na Kairo pana msikiti mkubwa wa Sayyidna Huseni, ambako Wafatimi walikileta mwaka 1153 kutoka Asqalan, katika pwani ya Palestina. Lau mfupa ndio unaotukuza, basi mahali pamoja tu pangalikuwa pa kweli na pengine pote pangaliachwa. Haikuwa hivyo, kila palipoombolezwa palibaki. Na Asqalan yenyewe ni ajabu zaidi. Kichwa kilikwisha kuondolewa tangu mwaka 1153. Jengo lililobaki lilibomolewa kwa baruti na jeshi la Israeli mwaka 1950. Hapana mwili, hapana jengo. Hata hivyo Mabohora, ambao jamaa zao wako Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam pia, wameendelea kupazuru, na kiasi cha mwaka 2000 waliweka pale sakafu ya marumaru ya kusalia. Hapo kilichobaki ni kumbukumbu na salamu, nazo zimetosha.

Ikiwa salamu zatosha, yafuata kwamba mahali paweza pia kuchukuliwa. Udongo wa Karbala hufinyangwa vigae vidogo ambavyo Mashia huviweka chini ya paji la uso katika sujudi, na kwa vigae hivyo uwanda wa Furati umefika katika misikiti ya Bombay na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Neno taazia linaonyesha safari hiyo kwa namna yake. Kwa Waswahili taazia ni maneno ya rambirambi. Kwa Wairani ni mchezo unaoigiza mauaji ya Karbala. Kwa Wahindi ni mfano wa kaburi, uliojengwa kwa mianzi na karatasi, unaobebwa njiani katika Muharram. Neno moja limekuwa usemi, likawa mchezo, likawa jengo. Na katika kila hali kazi yake ni moja, kuwapa walio mbali nyumba ya msiba waweze kuja kuhani. Unguja, Makhoja Ithnaasheri hutembea katika njia nyembamba za Mji Mkongwe usiku wa Muharram wakipiga vifua, na kwa saa chache njia hizo, ambazo mchana ni za biashara, huwa ni za matanga. Kisha hurudi kuwa za biashara. Hilo lenyewe ni funzo: mahali hudumu katika utukufu kadiri matanga yanavyodumu.

Hapa yapasa kusikiliza wenye kupinga. Wa kwanza ni waumini wenyewe, ambao hawatapenda kuambiwa kwamba Karbala imetukuzwa na watu. Katika mapokeo yao ardhi ile ilichaguliwa na Mungu kabla ya msiba, na walio hai huitambua tu. Mhakiki hana mizani ya kupimia jambo hilo, wala hana haki ya kulikanusha. Alichonacho ni kuonyesha kwamba hata katika mapokeo hayo, heshima ya ardhi hutajwa pamoja na machozi ya watakaoijia. Wa pili ni wanachuoni wa sheria, na mkubwa wao ni Ibn Taymiya, aliyefariki mwaka 1328, aliyekataza kufunga safari kwa ajili ya makaburi akitegemea hadithi ya misikiti mitatu. Hukumu yake ni ya sheria, nayo ina wafuasi wengi hata leo. Lakini katika kupinga kwake mna ushahidi: aliogopa kwamba watu kwa desturi zao hupapa mahali daraja ambayo sheria haikupapa. Yeye na hoja ya makala haya wanatazama jambo moja. Yeye hulilaumu, na makala hulieleza.

Wa tatu husema kwamba ni wafalme waliofanya yote. Ni kweli kwamba Muizz al-Dawla aliamuru maombolezo ya hadhara huko Baghdad mwaka 963, na kwamba Adud al-Dawla alilijenga kaburi la Karbala kwa fahari katika miaka ya 979 na 980. Ni kweli pia kwamba biashara ya wageni imetajirisha mji. Lakini tarehe hizo zinajibu zenyewe. Wenye kutubu walilia pale karibu miaka 300 kabla ya kuba ya Adud al-Dawla, na al-Mutawakkil alikataza ziara zaidi ya miaka 100 kabla ya Muizz al-Dawla kuamuru kilio. Mfalme hujenga penye watu. Akijenga pasipo watu, hujenga ghala.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina neno la kusema. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa Tanga na mfuasi wa madhehebu ya Shafii, ndiye yule yule aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi. Naye ametunga Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, uliochapishwa mwaka 1965 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kuwako kwa utenzi huo kunaonyesha kwamba msiba wa Karbala si mali ya madhehebu moja, na kwamba Msunni wa Mrima aliweza kuufanya kazi yake kubwa. Hata hivyo yafaa kuuliza kwa nini utenzi huo, pamoja na heshima yake, haukuzaa ziara katika Mrima. Jibu liko katika umbo. Utenzi ni hadithi: husema juu ya Huseni kwa wasikilizaji waliokaa kitako, na Karbala hubaki kule. Ziara ni salamu: husema na Huseni, na msemaji amesimama. Hadithi hufundisha na kuhuzunisha. Haimlazimu mtu kwenda mahali. Si upungufu wa mshairi, ni mpaka wa bahari aliyoichagua. Mwenye kupima utenzi kwa kipimo cha ziara atamdhulumu Hemedi. Na mwenye kupima ziara kwa kipimo cha utenzi, akitafuta ndani yake visa na mfuatano wa matukio, ataiona kuwa maneno matupu.

Pwani pana makaburi ya kale yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi, ambayo zamani yalipambwa kwa sahani za Uchina. Yamepimwa, yamepigwa picha, yamewekwa chini ya ulinzi wa serikali, na kazi hiyo ni njema. Lakini mengi ya makaburi ya namna hiyo hayana tena anayewasalimu wenyewe. Mtu huenda kuyatazama, haendi kuwazuru. Matanga yao yalianuliwa, kama ilivyo haki ya kila maiti, na mahali pao pamekuwa pa historia. Basi mwanafunzi anayetaka kuandika habari za mahali patukufu asianze kwa kupima kuta. Aulize kwanza nani mwenyeji wa pale, nani huja kuhani, husema naye kwa maneno gani, nani hupika, na lini matanga yataanuliwa. Akiisha kupata majibu hayo, ndipo aipime kuba.